Nguzo ya Mwanakheri

3 Machi 1975, Visiga
Mwalimu wa kisomo kasema mtu akijua kuandika halafu haandiki, anasahau. Basi naandika. Mimi Matano. Kazi yangu kuchimba mtaro wa bomba la maji. Mke wangu alikufa mwaka juzi. Leo jua kali.

4 Machi
Tumechimba.

6 Machi
Mzungu wetu wa kambi, Bwana Haroldi wa Kanada, kaletewa mpishi mpya. Mnyamwezi, Melkiori. Kusikia mimi Mzaramo, kaninyang'anya sahani ya ugali mkononi, kala mbele yangu, kanirudishia tupu. Watu wanacheka, eti utani. Najua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu. Lakini mimi nilikuwa na njaa. Simpendi mtu huyu.

9 Machi, Jumapili
Jana nilidandia lori la mchanga, nikalala kwa shemeji yangu Mwinshehe, kijiji kipya. Leo asubuhi nimekwenda Vihingo ya zamani kupalilia kaburi la mke wangu Mwanakheri. Hakuna mtu kule. Operesheni ilituhamisha wote tukae pamoja kando ya barabara. Nyumba zimeshaanza kuanguka. Watu wamehamishwa, makaburi hayakuhamishwa.

Mwanakheri alikuwa kungwi. Mabinti wa Vihingo wamefundwa na yeye, ndani, mlango umefungwa, wanaume hatusogei. Kwa hiyo kaburi lake lina nguzo. Mti wa mkongo, juu kichwa cha mwanamke na matiti. Mwinshehe aliichonga mwenyewe, ni dada yake tumbo moja. Mkono wa Mwinshehe hauna mfano. Tabia yake pia nzuri. Kanipa mihogo ya kurudi nayo.

12 Machi
Melkiori kanificha kiatu. Nimechimba na kiatu kimoja.

15 Machi, Jumamosi
Leo nimeshtuka, sijui niandikeje.

Bwana Haroldi alisema atatuonyesha kwao. Katundika shuka ukutani mwa stoo, kaleta mashine ya picha, jenereta ikawashwa baada ya magharibi. Tumekaa chini wote. Mwinshehe naye alikuwepo, alikuja kuuza vinu na miiko. Karani wetu Fabian ndiye anageuza maneno.

Picha ya kwanza, maji yanaanguka. Mto mzima unadondoka, moshi mpaka juu. Chini yake mashua imejaa watu wamevaa makoti ya mvua. Nikauliza wamepatwa na nini. Fabian kasema hawajapatwa na kitu, ni wageni wanatembea, wamelipa wapelekwe pale. Wamelipa walowane. Melkiori kasema hao walete hapa mwezi wa nne, tuwaloweshe bure.

Picha ya pili, mji, na mnara haujaisha kujengwa. Ukiisha, watu watapanda juu kabisa. Kufanya nini? Kutazama mji. Si wameshauona walipokuwa chini? Fabian kasema mzee, tuendelee.

Kisha mji wa pwani, upande jua linakotokea kwao. Mwamba, taa ya meli, watu wamekaa tu wanatazama bahari. Hawavui. Hawasubiri meli. Wanatazama. Haya. Halafu ikaja picha ya majani mabichi, mawe madogo yamepangwa mistari. Fabian kasema hayo ni makaburi ya watu waliozama na meli moja kubwa zamani, na wageni wanaletwa na basi kuyaona. Mama mmoja wa kizungu ameweka mkono juu ya jiwe, anacheka, anapigwa picha. Bwana Haroldi kasema huyo ndiye mke wake.

Stoo ikanyamaza. Mzungu kadhani tumependa. Akaiacha ile picha muda mrefu.

Mwisho mji wake mwenyewe, Vankuva, pwani ya upande wa pili. Bustani kando ya bahari, miti mikubwa. Na nguzo. Nguzo za kuchongwa, zina macho, midomo, ndege, watu. Ndefu kuliko minazi. Chini yake watoto wanalamba barafu za sukari. Nimesimama bila kujua nimesimama. Mwinshehe kanishika mkono.

Tukauliza nani wamezikwa pale. Bwana Haroldi kaeleza kwa kirefu. Fabian kafupisha: pale hakuna mtu. Ni nguzo za wenyeji wa nchi ile, waliokuwepo kabla ya wazungu. Zilitolewa vijijini kwao, mbali, zikaletwa bustanini watu wazione. Moja ilikuwa ya chifu, maiti yake iliwekwa juu kwenye sanduku.

Tumeondoka mmoja mmoja.

16 Machi, Jumapili
Sikulala vizuri. Wametoa nguzo makaburini, wakazisimamisha watoto walambe barafu chini yake.

17 Machi
Wazee wa kazini wamekaa kikao. Wamesema, hata kama zile nguzo si za kabila lake, ni za nchi yake, na mtu akikuonyesha makaburi yaliyovunjwa kwao, anakuonyesha msiba. Ukimnyamazia, wewe si mtu. Basi tumechanga. Kuku wawili, mchele, nazi. Tumekwenda asubuhi kwa mstari, tumemshika mkono mmoja mmoja. Pole sana, bwana. Yameshatokea. Mshukuru Mungu.

Mzungu kawa mwekundu kwa furaha. Kawashika kuku miguu, kapigwa picha nao. Fabian hakutaka kumwambia ni rambirambi. Kamwambia ni asante ya picha.

Bwana Haroldi kauliza, na ninyi mnazo nguzo kama zile? Mwinshehe, ambaye alikuwa hajarudi kwake, akajibu, "Tunazo. Moja nimechonga mimi."

Sikupenda. Lakini ni kweli, kachonga yeye.

19 Machi
Mawingu. Tumechimba.

23 Machi, Jumapili
Bwana Haroldi na Mwinshehe wamekwenda Vihingo kwa Landrova. Sikuambiwa. Melkiori ndiye kaniambia, kwa vile kawafungia chakula. Nikajisemea, atapiga picha, atarudi. Kwao wanapiga picha makaburi. Na shemeji hawezi kumfanyia dada yake jambo baya.

25 Machi
Maulidi. Hakuna kazi. Mvua ya kwanza, kubwa.

27 Machi
Mvua. Mtaro umejaa maji. Tunachota tulichochimba.

2 Aprili
Mvua.

5 Aprili
Nilitaka kwenda kaburini. Barabara imekatika. Melkiori kaniuliza naenda wapi kila mara, kwa mwanamke gani. Nikamwambia kwa mke wangu, amekufa. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema, "Mbona mmezika bila mimi?" Kisha kachukua kofia yangu kaenda nayo.

11 Aprili
Mvua. Homa.

20 Aprili, Jumapili
Nimekwenda kwa miguu toka Ijumaa. Lori hakuna. Matope mpaka magotini. Nimefika Vihingo leo asubuhi.

Nguzo haipo.

Naandika tena ili nione kama nimeandika sawa. Nguzo ya Mwanakheri haipo. Kaburi lipo, majani yamefyekwa vizuri, mtu kafanya kwa adabu. Pale kichwani kuna shimo. Shimo limejaa maji ya mvua, na chura ndani. Nilitia mkono nikapapasa chini, kama mtu anayetafuta pete. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Nilidhani wezi. Halafu nikaona alama za matairi.

Nimekwenda kwa Mwinshehe. Alikuwa barazani anachonga mwiko. Kaniona, kaweka kisu chini. Hakukataa. Kasema tu, shemeji, karibu uketi. Nikakataa kuketi. Nikamuuliza dada yako yuko wapi.

Kaniambia nguzo iko Visiga, kambini kwetu, stoo. Wiki nne nzima iko pale, mimi nachukua chepe na sururu kwenye stoo ileile. Bwana Haroldi mkataba wake unaisha mwezi wa tano, anakwenda nayo. Vankuva wana nyumba kubwa ya kuonyesha vitu, ipo karibu na bahari, wageni wanafika wa dunia nzima. Itasimama humo. Bwana atamletea picha.

Nikauliza, umemuuzia? Kasema hakuuza. Katoa. Hakuchukua kitu chochote. Angeuza ningejua la kumwambia.

Kasema, "Wewe uliiona ile bustani. Watu wamesimama, shingo nyuma, midomo wazi. Mimi nimechonga miaka thelathini. Nani kawahi kusimama mbele ya kazi yangu akafungua mdomo? Huku nani anamtazama dada? Wewe na nguruwe. Mchwa wameshaanza chini. Mwaka kesho angekuwa kuni."

Nikamwambia yule ni mke wangu.

Kasema, "Alikuwa wako akiwa hai, shemeji. Alipokufa karudi kwetu."

Na ni kweli. Ndiyo mila. Kaburi la mke ni la ndugu zake. Mimi pale ni mgeni mwenye jembe. Nimeondoka bila kunywa maji yake.

21 Aprili
Nimetembea usiku kucha, nimefika kambini saa ya chakula cha mchana. Nyapara kanikata siku. Nimeingia stoo. Kuna sanduku refu la mbao mpya, limepigiliwa misumari, limeandikwa kizungu. Niliweka shavu pale. Linanuka msonobari. Halinuki mkongo.

22 Aprili
Nimemuomba Fabian anipeleke kwa Bwana Haroldi. Fabian kaogopa, lakini kaenda. Ni kijana mwenye heshima.

Nilisema yangu. Bwana Haroldi kasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kasema anasikitika. Kasema lakini kapewa na ndugu wa marehemu, aliyechonga kwa mkono wake, na kamuuliza mara mbili kama kuna mwingine mwenye neno. Mwinshehe kajibu hakuna. Kwa mila yetu, Mwinshehe hakusema uongo.

Kisha akataka kunituliza. Katoa kitabu cha picha cha wageni wanaotembelea mji wake. Kanionyesha nyumba yenyewe. Vioo, sakafu inang'aa, watu wamevaa makoti, mzee na kamera, vijana wawili wa kiume wameegemea, wanatafuna. Kasema atawekwa hapa, ndani, mvua haimpigi, mchwa hawamgusi, atawashiwa taa mchana kutwa. Na karatasi chini ya kueleza alikuwa nani na alifundisha nini.

Alifundisha nini! Mimi mume wake miaka ishirini na mbili sijui alifundisha nini. Nikiuliza ananiambia nenda kapalilie. Sasa ataelezwa kwenye karatasi kwa vijana wanaotafuna.

Nilitaka kusema hayo. Nilisema asante bwana, nikatoka. Sijui kwa nini nilisema asante.

24 Aprili
Mvua. Tumechimba.

25 Aprili
Mvua.

28 Aprili
Lori la kuchukua mizigo ya Bwana Haroldi lilikuwa lije leo. Limekwama Mlandizi. Nimefurahi, halafu nikajiona mjinga. Litakwamuka tu.

30 Aprili
Melkiori kanikuta nimekaa stoo juu ya debe. Kauliza kwenye sanduku mna nini kila siku nalinda. Nikamwambia. Nguzo, kaburi, shemeji, nyumba ya vioo, yote. Kasikiliza kasimama na sufuria mkononi. Kauliza swali moja: msibani, mtani gani wa Kinyamwezi alizika? Nikasema hakuwepo, Wanyamwezi wa pale walihamishwa kabla yetu. Kasema, "Basi huo msiba haujaisha." Kaenda zake kupika.

3 Mei
Mvua imepungua.

5 Mei
Mwinshehe kaja kambini, kavaa kanzu, anataka kumsindikiza dada yake mpaka lori liondoke. Kanisalimia. Nimeitikia, mila ni mila. Kakonda.

9 Mei
Lori limefika. Kesho.

10 Mei, Jumamosi
Naandika taratibu.

Asubuhi hakuna mvua. Vibarua wote wamesimama kumuaga Bwana Haroldi. Yeye kavaa suti, kamera shingoni. Sisi sita tukaamrishwa kubeba sanduku refu. Nyapara kanitaja na mimi. Nikabeba. Upande wa kichwa. Nilikuwa nabeba mke wangu mara ya pili.

Hatujafika kwenye lori, Melkiori katoka jikoni. Kajipaka majivu uso mzima. Kajifunga kitambaa cha kufutia vyombo kichwani kama mama mfiwa, kofia yangu kaivaa juu yake. Analia sauti ya juu. Kaja mbio, karukia sanduku, likatushinda, tukaliweka chini. Kalala juu yake kifudifudi.

Akasema, "Mke wangu huyu. Mnampeleka Ulaya bila mimi? Nani atampikia? Hawa Wazaramo hata kuzika hawajui, wanazika kwa posta."

Watu wamecheka mpaka wengine wamekaa chini. Bwana Haroldi kacheka pia, kapiga picha. Nyapara kamwambia aondoke. Haondoki. Nyapara kataka kumvuta, wazee wakamzuia wote kwa pamoja. Maana kila mtu alishaelewa. Kwetu mtani akikalia jeneza hatolewi kwa nguvu. Wenye maiti wanamkomboa kwa anachotaka. Na wasikasirike. Ukimkasirikia mtani msibani umeuaibisha ukoo.

Mwenye maiti ni Mwinshehe. Mila iliyompa dada ndiyo hiyohiyo ilimsukuma mbele. Kasimama pale na kanzu yake, anatoka jasho. Kasema, mtani, nakupa kuku. Melkiori kasema kuku anao jikoni. Kasema beberu. Melkiori kasema beberu anamtazama hapo, kavaa kanzu. Kicheko. Mwinshehe naye kacheka kidogo, ilimtoka tu. Kisha akauliza anataka nini.

Melkiori akaacha kulia. Akakaa, akajifuta majivu machoni.

"Nataka nimzike. Mimi sijamzika."

Kicheko kikaisha. Bwana Haroldi kamuuliza Fabian kuna nini. Fabian safari hii hakufupisha. Kaongea muda mrefu, anaonyesha sanduku, anaonyesha Mwinshehe, anaonyesha mimi. Nadhani na habari ya kuku wa rambirambi kaitoa, maana Bwana Haroldi alitugeukia sisi wazee, katutazama mmoja mmoja, uso umemshuka. Kaitia kamera mfukoni. Kamwambia dereva azime injini.

Ikabaki Mwinshehe. Tulimsubiri. Mimi sikumwambia neno, sina haki ya neno. Mara akavua kanzu, akaikunja, akampa mtu. Akachukua nyundo kwa dereva, akang'oa misumari yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kwa polepole ya fundi. Kafunua.

Nguzo ilikuwa imelazwa kwenye majani makavu. Kichwa kizima, matiti mazima. Mwinshehe kapitisha mkono toka kichwani kushuka. Alipofika chini mkono ukasimama.

Chini imekatwa. Imekatwa kwa msumeno, safi, karibu nusu ya nguzo haipo. Seremala wa kambi kasema sanduku lilikuwa fupi, na ile ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa. Kipande kiko wapi? Kimepikiwa. Melkiori kashika kichwa. Jiko ni lake, hakujua ni kuni gani.

Mwinshehe kakaa chini kwenye tope. Mtu wa kuchonga miaka thelathini. Kasema tu, "Wamemkata miguu." Kasema hivyo mara nyingi.

Melkiori kaibeba nguzo begani. Kasema kwa mila sasa ni yake. Hakuna aliyebisha.

11 Mei, Jumapili, Vihingo
Dereva wa lori katuleta kwa amri ya Bwana Haroldi. Sanduku limebaki Visiga, tupu. Tumekuja watatu, Melkiori, Mwinshehe, mimi. Manyunyu.

Melkiori kachimba. Mtani ndiye anachimba. Katukana ukoo mzima wa Mwanakheri wakati anachimba, babu mpaka bibi, kama inavyotakiwa, Mwinshehe anaitikia. Tumemtoa chura. Tumesimamisha nguzo, tumeshindilia udongo.

Mtu wa Kinyamwezi ana roho. Nilimkosea nilipoandika simpendi.

Zamani nikisimama pale, macho ya nguzo yalikuwa sawa na macho yangu. Sasa inanifika kiunoni. Nilisimama nikajikuta namtazama utosini, kama mtu anayetazama mtoto wa watu. Sikuweza. Nikakaa chini kwenye matope. Hapo tukaonana.

Mwinshehe alikuwa nyuma yangu, kashika jembe langu, hajui aende au abaki. Nikamwambia, shemeji, kaa.

Kakaa.